Kiapo Nilichomwandikia Shamimu

Sehemu ya Sita

Wapo walionipigia simu wiki hii wakaniambia, Fideli, nyamaza, unajimaliza mwenyewe. Asanteni sana. Nilishajimaliza kitambo. Nilichobakiza ni kusimulia, na nikikaa kimya ndiyo nitapasuka.

Kwa wewe uliyelipata gazeti hili likiwa limefungia maandazi: mimi ni wakili Fideli Nibitanga, mzaliwa wa Ulyankulu, ofisi yangu iko Mtendeni, juu ya duka la vitenge. Shamimu wa mtaa wa Ng'ambo alikuwa mteja wangu. Alikuja kudai talaka na kudai abaki na mwanawe, Zamda. Mumewe, Sabiri, alikuwa ameoa mke mwingine Ujiji na alitaka kumhamishia mtoto huko.

Zamda alikuwa amebakiza mwezi mmoja atimize miaka saba. Mtoto akiwa chini ya miaka saba sheria yetu inaelekea upande wa mama. Akishafika saba, mambo yanaanza kuyumba. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukimbizana na kalenda.

Badala ya kukimbizana na kalenda, nikampenda mteja. Mwalimu wetu wa maadili pale chuoni alikuwa akisema, mteja akikulilia mpe kitambaa, usimpe bega. Tulicheka darasa zima. Mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Wiki iliyopita niliishia pale niliponunua kanzu, nikavaa na ile kofia aliyonishonea Shamimu kwa mkono wake, nikaenda kwenye harusi ya jirani yao. Mimi Mkatoliki wa Ulyankulu, nilijua nini kuhusu kofia? Mzee mmoja akanishika mkono, akaitazama kofia, akatabasamu. "Hongera, bwana," akasema. Nikadhani ananipongeza kwa kazi ya mahakamani. Nikamshukuru!

Sasa sikiliza kilichofuata.

Jumatatu asubuhi karani wangu, mzee Majidi, aliingia na bahasha. Yule mzee ameanza ukarani mimi nikiwa bado nakimbiza mbuzi kijijini, na karatasi anazisoma kabla hazijanifikia.

"Wamejibu, wakili," akasema. "Na safari hii wamejibu vibaya."

Nikafungua. Kilikuwa kiapo kinzani cha mama yake Sabiri, kimeandaliwa na wakili wao, Consolatha Ngollo. Ndani yake kulikuwa na picha. Mtu mwenye kanzu amepigwa picha kwa nyuma, kwenye umati wa harusini. Uso hauonekani. Kinachoonekana ni kofia.



Bibi yule aliapa kwamba anaifahamu kazi ya mkono wa mkwewe. Ua lile la pembeni, akasema, Shamimu alimshonea Sabiri peke yake walipochumbiana, na kofia hiyo ya Sabiri yeye mama mtu bado anayo sandukuni. Akaongeza kwamba mwanamke wa kwao hashoni ua lake akampa mtu wa njiani. Kwa hiyo Shamimu ana mwanaume, na aya ya saba ya kiapo chake ni uongo. Wanaomba aje aulizwe maswali mbele ya Hakimu.

Aya ya saba. Mungu wangu, aya ya saba!

Tulipopeleka maombi ya Shamimu kukaa na mtoto wakati kesi ya talaka inaendelea, ilibidi yaambatane na kiapo chake. Nilikuwa na haraka. Nikafungua kompyuta, nikachukua kiapo cha mteja wa zamani, nikabadili majina, nikachapa. Aya ya saba ilikuwa ya yule mteja wa zamani: "Kwamba tangu nifunge ndoa na mjibu maombi sijawahi kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwanaume mwingine yeyote." Ikabaki mle mle.

Wakili wa kesi haruhusiwi kumwapisha mteja wake mwenyewe, kwa hiyo nikamvusha Shamimu kwenye korido hadi kwa wakili Egidi, mlango wa pili. Egidi akamuuliza kama yaliyoandikwa ni kweli, Shamimu akasema ni kweli, muhuri ukagongwa. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, nanukia manukato aliyoninunulia yeye.

Simu ikalia. Consolatha.

"Msomi mwenzangu, umepata karatasi zangu?"

"Nimezipata."

"Sikufichi, mteja wako anakudanganya. Ndio wateja hawa, wanatuficha sisi tunaowatetea. Hebu muulize mwenye kofia ni nani. Akitaja mapema tutayamaliza kimya kimya, mtoto aende kwa baba, na Sabiri hatadai fidia ya ugoni."

"Nitamuuliza," nikasema.

"Muulize kwa ukali. Wewe una huruma sana."

Nikakata simu. Mzee Majidi alikuwa bado amesimama, anaitazama picha, halafu ananitazama kisogo. Akatoka na kufunga mlango taratibu mno kwa mtu ambaye huwa anaubamiza.

Alasiri nikaenda Ng'ambo. Nilimkuta mama yake Shamimu barazani anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Leo umetuletea habari njema?"

"Tunaendelea vizuri, mama."

Mwongo mkubwa mimi.

Zamda akaja mbio kutoka uani, akaniparamia na kunipapasa kichwani. Huo ulikuwa mchezo wetu. Mimi navaa kofia, yeye ananivua, anaivaa na kukimbia nayo uani mpaka nimkamate.

"Wakili, kofia yako iko wapi?"

"Nimeisahau."

"Siku hizi kila siku unaisahau!"

"Zamda," Shamimu akaita kutoka ndani, "nenda kamsaidie bibi kuchambua mchele."

Alikuwa amekaa na sindano yake, kofia ya mteja wake iko magotini. Nikampa ile picha. Akaitazama.

"Nilikukataza usiivae nje," akasema.

"Hukuniambia kwa nini."

"Ningekwambiaje? Mwanaume mzima, nimekaa miezi miwili naishona ukiniona, hata kujiuliza hujiulizi?"

Hapo ndipo nikaielewa ile hongera ya mzee wa harusini. Watu wa Ng'ambo walikuwa wamenisoma kabla mimi sijajisoma.

"Alhamisi watakuuliza," nikamwambia. "Niache nijitoe kwenye kesi. Ndiyo njia safi."

Sindano ikasimama.

"Ujitoe? Leo Jumatatu, kesi Alhamisi. Nisimame na nani?"

"Nitakutafutia wakili mwingine."

"Na akikuuliza kwa nini umeniacha?"



"Basi tubadilishe kiapo," nikasema. "Tuifute aya ya saba."

"Tukiifuta hawatauliza kwa nini imefutwa?"

Angalieni, ndugu zangu. Miaka yote ile darasani, na fundi kofia ananishinda hoja mbili ndani ya dakika moja.

"Wakili," akasema.

Nilishtuka. Alikuwa hajaniita hivyo miezi mingi.

"Aya ile niliiona siku ile ile. Nikakuwekea kidole juu yake nikakuuliza, na hii ya saba? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilimwambia ni maneno ya kawaida, kila kiapo kinayo, saini tu.

"Nilisubiri uniambie. Ungesema tuitoe, tungeitoa. Ukasema saini, nikasaini."

"Nilikuwa nakupenda, Shamimu. Nakupenda mpaka sasa."

"Nikuulize kitu. Unijibu kama mtu, usinijibu kama wakili. Siku ile ya kwanza ofisini uliponishika mkono, ningesema hapana, ungenisimamia vilevile?"

"Ningekusimamia. Wallahi." Nikaapa kwa dini yake, nadhani ili aniamini.

"Unajua wewe hilo. Mimi ningelijuaje? Mkono wako mmoja ulikuwa umenishika mimi, mwingine uko juu ya faili la mwanangu."

"Kwa hiyo hukunipenda?"

Akaiweka kofia chini. Machozi yalikuwa yanamlenga lakini sauti haikutetereka.

"Sijui, Fideli. Ndicho kinachoniuma. Siku zingine naamka nakutamani mpaka najichukia. Siku zingine najiuliza kama nilikukubali wewe au nililikubali faili. Wewe umenipenda ukiwa huru. Mimi hukunipa nafasi hiyo."

Niliumia. Nisiwadanganye, niliumia kuliko siku tuliyomzika baba. Nilikuwa nimejihesabu mwanaume aliyependwa. Nikajiona nilivyokuwa siku ile, nimekaa upande wangu wa meza, na yeye yuko upande wa waombaji.

Mama yake akaingia na chai.

"Mungu akuzidishie, mwanangu," akaniambia. "Mwanaume mwingine angemchezea huyu, kwa kuwa hana mume ndani."

Chai ikanipalia. Shamimu akainamia sindano yake.

Jumanne asubuhi na mapema nilikuwa kwa Egidi. Nikamwambia nina udhuru, naomba anishikie faili la Shamimu.

"Mbona unatweta?" akaniuliza.

"Naumwa."

"Pole. Lakini hilo faili sitaligusa. Kiapo nilimwapisha mimi. Kikisemekana ni cha uongo, mimi naweza kuitwa shahidi. Nitakuwaje wakili na shahidi?" Akacheka. "Wewe ndiye uliyeniletea, Fideli. Umenifunga mwenyewe."

Nikampigia wakili wa pili, yuko Kigwa kwenye msiba wa shemeji yake. Wa tatu yuko ofisi moja na Consolatha. Wa nne akaniambia nitumie faili, nieleze kwa nini naliacha. Nikasema nitampigia. Sikumpigia.

Nilipokuwa ngazini natoka, mama yangu Dafrosa akapiga kutoka Ulyankulu. Ananiita wakili hata yeye, siku hizi, mbele za watu.

"Wakili wangu, padri ameomba Jumapili uje uongee na vijana wa kigango. Uwaambie ulivyofika hapo."

"Mama, wiki hii nina kazi."

"Nimeshawatangazia. Watu wanakuja mpaka wa kutoka Urambo. Utavaa ile suti."

Ule umati wa Ulyankulu ninaujua. Wakimbizi waliokaa miaka bila uraia, watoto wao wakiitwa wageni kila walipokwenda, halafu mmoja akawa wakili. Mama alikausha tumbaku kwa moshi mpaka kifua kikamharibika ili mimi nivae lile joho. Kamati ya mawakili ikilisikia hili, joho linavuliwa, na mama atalisikia kanisani.

Nikasema sawa mama, nitakuja.

Alhamisi ikafika. Chumba kilijaa. Sabiri alikaa mbele na mama yake, amenyoa vizuri, ametulia. Simchukii Sabiri. Angenijua angekuwa na haki ya kunikaba koo. Zamda alibaki nje kwenye benchi na bibi yake wa Ng'ambo.

Kesi ilipoitwa tu, nikasimama kabla sijapoteza ujasiri.

"Mheshimiwa, naomba kujitoa kumwakilisha mwombaji."

Hakimu wetu ni mtu mzima, amebakiza muda mfupi astaafu, na hapendi kushtukizwa.

"Sababu?"

"Sababu binafsi, mheshimiwa."

"Binafsi zako au za mteja wako?"

"Zangu."

"Mteja wako amekubali?"

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nyuma yangu sauti ikanitangulia.

"Sijakubali, mheshimiwa."

Shamimu alikuwa amesimama. "Mwanangu anatimiza miaka saba mwezi ujao. Leo nikikosa wakili nitampoteza. Naomba asiondoke."

"Ombi la wakili limekataliwa," Hakimu akasema. "Kaa, wakili Nibitanga. Fanya kazi uliyoikubali."

Nikakaa. Consolatha akaninong'oneza, "Pole msomi. Mteja king'ang'anizi huyu." Alikuwa ananionea huruma kwa dhati.

Shamimu akapanda kizimbani. Akaletewa msahafu, akaushika kwa mikono miwili, akaapa.

"Bi Shamimu," Consolatha akaanza, "kofia iliyopo kwenye picha hii umeishona wewe?"

"Nimeishona mimi."

"Ulimshonea nani?"

Nilitakiwa kusimama niweke pingamizi. Wakili yeyote mwenye akili angesimama, angetafuta lolote la kusema. Nikabaki nimekaa. Shamimu akanitazama mara moja tu, halafu akatazama ukuta.

"Niliiuza."

"Yenye ua la mumeo?"

"Maisha yamebana. Ua ni uzi tu."

"Uliuza kwa nani?"

"Mtu aliyepita. Simjui."

"Kwa hiyo aya yako ya saba ni kweli?"

"Ni kweli."

Basi. Ule uongo wa kompyuta niliounakili mimi kwa haraka zangu, sasa ameusema yeye kwa kinywa chake, juu ya msahafu, mama aliyenizidi hofu ya Mungu mara mia. Na aliusema kunikinga mimi, au kumkinga mtoto wake, au wote wawili. Sikuwa na haki ya kumuuliza.

Mama yake Sabiri alikuwa anatikisa kichwa. "Lahaula," akasema kwa sauti, na Hakimu akamnyamazisha.

Consolatha akafunga daftari. Nikapumua. Nikadhani imekwisha.

"Mheshimiwa," akasema, "nina ombi moja. Mtoto yupo hapo nje. Mtoto anaishi kwenye ile nyumba, anajua nani anaingia na nani anatoka. Naomba mahakama iongee naye."

"Hilo hata mimi nilikuwa nalifikiria," Hakimu akasema. "Nitaongea naye mwenyewe, chemba, ofisini kwangu, bila wazazi na bila mawakili. Mleteni." Akanyoosha mkono mezani. "Na picha hii naingia nayo."

Shamimu, kule kizimbani, akageuka rangi. Tulikuwa tumewaza habari za Hakimu, za Consolatha, za Egidi, za mama mkwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuwaza mtoto aliyekuwa akikimbia na kofia yangu uani.

Karani wa mahakama akamleta Zamda amemshika mkono. Alivalishwa gauni la sikukuu. Ili afike chemba alikuwa lazima apite mbele ya meza yangu.

Nikasimama.

"Mheshimiwa," nikasema.

Chumba chote kikanigeukia. Shamimu akatikisa kichwa, kidogo sana, mara mbili. Midomo yake ikasema: kaa.

"Una la kusema, wakili, kabla sijaingia na mtoto?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mpaka leo naapa nilikuwa nakwenda kusema ukweli, na mpaka leo hakuna anayeniamini. Maana Zamda alikuwa ameshafika mbele yangu, ameinua uso, anacheka na lile pengo lake la meno ya mbele.

"Wakili," akasema, sauti yake ikasikika hadi mlangoni, "na leo umeisahau kofia?"

Consolatha akageuka polepole. Hakuitazama sura yangu. Alikitazama kisogo changu, halafu picha, halafu kisogo tena. Kiti cha Sabiri kikaanguka.

"Kaeni chini!" Hakimu akasema. "Kila mtu akae."

Akashuka kutoka kwenye kiti chake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akainama mbele ya Zamda na kumwonyesha picha.

"Kofia gani, mama?" akamuuliza kwa upole. "Ni hii?"

Zamda hakumjibu. Cheko lilikuwa limekwisha usoni. Aliona mama yake analia, aliona baba yake amesimama, akajua amekosea kitu lakini hajui ni kipi. Akaiwekea picha kidole, kisha akanigeukia mimi, niliye mtu mzima wa karibu yake, anisaidie.

Akasubiri nimwambie aseme au asiseme, kama mama yake alivyonisubiri siku ile, kidole kikiwa juu ya aya ya saba.